Kutoka Shaba Hadi Sitahani: Mwongozo kwa Mhudumu wa Loji Anayeitamani Meli

Mto wetu hauifikii bahari. Ewaso Ng'iro hushuka kutoka nyanda za Laikipia, hupita kati ya Samburu na Buffalo Springs, hukatisha Shaba, kisha kwa kawaida hupotelea katika kinamasi cha Lorian kabla haujaonja chumvi. Watu wa kando yake hawafungwi na kinamasi. Huenda nawe umewahi kuketi na wenzako nyuma ya jiko la loji, mmoja akatoa simu na kuonyesha picha ya rafiki wa zamani: sare nyeupe, bahari nyuma yake, na maneno mafupi chini, “Leo Barcelona, kesho Marseille.” Simu inazunguka, chai inapoa, na swali ni lile lile: huyu alipitia wapi?

Mwongozo huu ni wako wewe unayetandika vitanda, kubeba sinia, kusimamia baa au kupokea wageni katika loji na kambi za Isiolo. Meli za anasa zinaweza kuwa na nafasi yako, kwa sababu ambayo kabla ya korona haikuwa na uzito ilio nao leo. Anasa ya baharini imeanza kufanana na kambi ya porini: wageni wachache, nafasi pana, bei moja iliyokusanya kila kitu, na mhudumu anayemjua mgeni kwa jina. Nusu ya kazi hiyo unaijua tayari. Nusu ya pili ni karatasi, nidhamu ya bahari, na kujikinga na matapeli.

Kilichotokea 2020

Februari 2020 meli ya Diamond Princess iliwekwa karantini Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711. Zaidi ya 700 waliambukizwa. Katikati ya Machi kampuni kubwa zilisimamisha safari, na tarehe 14 mwezi huo Marekani ikazipiga marufuku meli za abiria. Abiria walirudishwa makwao. Wafanyakazi wengi walibaki melini kwa miezi, kwa kuwa mipaka ilikuwa imefungwa na ndege hazipo.

Huku kwetu unakumbuka. Kisa cha kwanza kilitangazwa tarehe 13 Machi, ndege za abiria kutoka nje zikasimama tarehe 25, zikarejea tarehe 1 Agosti. Loji zilinyamaza katika mwaka ule ule ambao nzige walikuwa wametanda Isiolo na Samburu. Waliokuwa na mifugo walirudi kwa mifugo, waliokuwa na pikipiki wakaingia bodaboda.

Baharini, safari za kutoka bandari za Marekani zilianza tena Juni 2021. Kampuni zilirudi zikiwa na madeni makubwa, na wengi wa wahudumu wao wazoefu walikuwa wameshapata kazi nchi kavu. Ndipo soko likagawanyika njia mbili, na ni lazima uzijue kabla ya kutuma ombi.

Njia mbili: meli-mji na meli-kambi

Njia ya kwanza ni ya meli kubwa kama miji. Icon of the Seas, iliyoanza safari Januari 2024, inaweza kubeba abiria wapatao 7,600. Huko nauli ya mwanzo ni nafuu, na huduma imepunguzwa hapa na pale. Mwaka 2023 kampuni za Royal Caribbean na Norwegian zilipunguza usafi wa vyumba vya kawaida kutoka mara mbili kwa siku hadi mara moja. Migahawa mingi mizuri hulipiwa zaidi, na bakshishi hukatwa kila siku, dola 16 hadi 20 hivi kwa kila abiria wa chumba cha kawaida kwa viwango vya 2024. Abiria wa zamani hunung'unika, lakini meli zinajaa: mwaka 2019 watu milioni 29.7 walisafiri kwa meli za kitalii duniani, na mwaka 2024 walifika milioni 34.6.

Njia ya pili ni ya meli ndogo za anasa, na hapa majina ya hoteli yameingia baharini. Oktoba 2022 Ritz-Carlton ilizindua Evrima, yenye vyumba 149 na wageni wasiozidi 298. Mwaka 2023 kundi la MSC lilileta Explora I. Kisa cha Crystal kina mkono wa Kenya ndani yake. Kampuni hiyo ya meli ilianguka mapema 2022, ikanunuliwa mwaka huo huo na kundi la A&K. Abercrombie & Kent, ambayo kundi hilo limebeba herufi zake, ilianzishwa Nairobi mwaka 1962 na Geoffrey Kent pamoja na wazazi wake, kwa biashara ya safari za kuona wanyama. Crystal Serenity iliporudi majini Julai 2023, vyumba vilikuwa vimepanuliwa na nafasi za abiria zimepunguzwa hadi 740. Waliojifunza anasa kwenye hema wanaipeleka majini. Usiingie kwenye usaili kama mtu wa bara aliyepotea njia.

Mgeni wa leo anataka nini

Soma sehemu hii hata kama huna nia ya kuondoka Isiolo. Mgeni anayelala Evrima mwezi huu ndiye anayeweza kulala kando ya Ewaso Ng'iro mwezi ujao.

*Anataka nafasi.* Zamani meli ilijivunia ukumbi uliojaa na bufe isiyo na mwisho. Korona ilimfundisha mwenye pesa kuihofu pumzi ya jirani. Hofu imepungua, mazoea yamebaki: meza iliyojitenga, chakula verandani, safari ya ufukweni ya watu wanane badala ya arobaini. Wewe umeshapeleka kiamsha kinywa chini ya mkoma kando ya mto, mbali na jiko. Zoezi lako ni hili: panga sinia nzima kichwani kabla hujaondoka. Chumvi, kijiko cha akiba, kitambaa, maziwa ya pili. Kila unaporudi jikoni kufuata ulichosahau, unamkumbusha mgeni kwamba yuko mbali na jiko.

*Anataka kujulikana, hataki kusumbuliwa.* Hapa ndipo wengi hukwama. Kuna mafunzo ya zamani yaliyotufanya tumwulize mgeni kila dakika tano kama kila kitu kiko sawa. Mgeni wa leo huona swali hilo kama kelele. Akikuambia Jumatatu kwamba hali karanga, Alhamisi hatarajii kuulizwa tena, hata kama zamu imebadilika. Melini taarifa hizo huingizwa kwenye kompyuta, na mhudumu wa mgahawa mwingine huziona kabla mgeni hajavuta kiti. Nawe anza leo na daftari la mfukoni: namba ya chumba, jina, asichokula, kahawa yake, saa ya kuamka. Mkabidhi mwenzako wa zamu inayofuata. Nyumba ya Kiborana humwekea mgeni buna, yaani kahawa, kwanza, shida yake huulizwa baadaye. Huo ndio ujuzi unaotafutwa.

*Anataka bei moja.* Katika meli nyingi ndogo za anasa, vinywaji, bakshishi na mara nyingi intaneti vimo ndani ya nauli, kama ilivyo katika kambi zetu nyingi ambako mgeni hatoi pochi tangu kiwanja cha ndege hadi kuaga. Kazi yako huko si kuuza. Katika meli-mji ni kinyume: unaweza kupimwa kwa idadi ya vifurushi vya vinywaji na meza za migahawa ya ziada ulizouza. Kama ulimi wako ni wa biashara, nenda huko bila aibu. Kama unapenda mgeni mmoja kwa muda mrefu, tafuta meli ndogo.

*Anataka usafi anaouona.* Safari zilipoanza upya, kwenye bufe nyingi wahudumu ndio waliopakua. Baadaye kujipakulia kulirudi, lakini macho ya mgeni hayakurudi yalivyokuwa. Humtazama aliyeshika koleo akijikuna shingo. Adui mkubwa wa meli leo ni norovirusi, ya kuhara na kutapika. Ishike hii, maana ni swali zuri la usaili: vitakasa mikono vya alkoholi havitoshi kuiua, kunawa kwa sabuni na maji ndiko kunakosaidia. Kwa meli zinazosimamiwa na Marekani, abiria au wafanyakazi wakifika asilimia 3 wenye dalili, jina la meli hutangazwa hadharani. Kwa hiyo mhudumu anayeficha tumbo la kuhara ili asikose zamu hasifiwi kwa bidii. Anaweza kufukuzwa.

*Anataka intaneti, na ataifanyia kazi.* Agosti 2022 Royal Caribbean ilitangaza kufunga intaneti ya setilaiti ya Starlink katika meli zake zote, na washindani wakafuata. Mgeni sasa huendesha mkutano akiwa verandani. Jifunze kuingia, kuweka na kutoka bila kikombe kulia. Tena simu imekuwa menyu na tikiti. Hata zoezi la dharura limebadilika: tangu 2020 kampuni kadhaa zimeacha kuwakusanya abiria wote kwa pamoja, mtu hutazama maelezo kwenye simu au runinga, kisha huenda mwenyewe kuthibitisha kituo chake. Mzee wa miaka 78 anayehangaika na programu hiyo anahitaji mtu wa kumsaidia bila kumfanya ajione mjinga. Ukimsaidia vizuri, atakukumbuka kuliko mvinyo.

*Anataka kurudi na habari.* Umeshawaeleza wageni kwa nini mistari ya pundamilia wa Grevy ni myembamba, jinsi swala twiga anavyosimama kwa miguu miwili kufikia majani, na kwamba Joy Adamson aliuawa Shaba mwaka 1980. Kumsimulia mgeni kwa dakika mbili, kisha kunyamaza anapotaka kutazama, ni ujuzi wa thamani melini. Usijidanganye tu kwamba utaanza kama mwongoza watalii: nafasi hizo baharini mara nyingi hutaka elimu ya sayansi au leseni ya boti. Ingia kwa mlango wa mezani, baa au vyumbani.

Andika uzoefu wako kwa namba

“Mimi ni mchapakazi, naweza kufanya kazi chini ya shinikizo” ni sentensi iliyoandikwa na kila mtu. Iache. Andika: nimehudumia vyumba vingapi kwa zamu, wageni wa mataifa gani, aina gani za mvinyo nimefungua, mizio gani ya chakula nimesimamia, nimefundisha wapya wangapi. Andika lugha zako zote. Kijana wa Isiolo aliyekua akisikia Kiborana, Kisomali, Kiturkana, Kisamburu na Kimeru mtaani, akasoma kwa Kiswahili na Kiingereza, amezoea kuwaelewa watu asiofanana nao, na meli ni mahali pa kulala chumba kimoja na mtu wa taifa usilolijua. Ongeza lugha moja ya wageni, Kifaransa, Kijerumani au Kihispania, hata kama ni ya kusalimia na kuelekeza.

Omba barua ya ushahidi wa kazi kwa meneja wako ungali kazini. Ukishaondoka, meneja huhama na faili hupotea.

Karatasi, kwa mpangilio huu

1. *Kitambulisho, kisha pasipoti.* Watu wa kaskazini wanajua jinsi uchunguzi wa ziada ulivyowachelewesha kupata kitambulisho. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kuufuta. Hata hivyo, anza mapema. Pasipoti huombwa kupitia eCitizen, kisha unakwenda mwenyewe kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole.

2. *Cheti cha tabia njema* kutoka kwa polisi, nacho huanzia eCitizen.

3. *Mafunzo ya msingi ya usalama baharini* chini ya mkataba wa kimataifa wa STCW: kujiokoa majini, kuzuia na kuzima moto, huduma ya kwanza, usalama binafsi na wajibu wa kijamii. Ongeza somo la ulinzi wa meli. Bandari Maritime Academy, Mombasa, ni mahali pa kuanzia kuulizia. Chuo kingine chochote, hakikisha kwanza kimeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Baharini ya Kenya, KMA. Jitayarishe kuingia majini na jaketi la kujiokoa. Kama hujawahi kuogelea, usingoje Mombasa. Tafuta bwawa na mwalimu, na uwaachie mamba mto wao.

4. *Cheti cha afya cha baharia*, ambacho muda wake hauzidi miaka miwili, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

5. *Kitabu cha baharia* kutoka KMA.

6. *Viza.* Kwa meli zinazogusa Marekani ni ile ya wafanyakazi wa vyombo vya usafiri, C1/D. Huiombi kwa kubahatisha. Unaiomba ukiwa na barua ya kazi.

Jambo moja la mtaani kwetu: acha miraa. Uchunguzi wa dawa za kulevya ni wa kawaida katika kazi hii. Marekani inaihesabu kemikali iliyomo ndani ya miraa kuwa dawa haramu, na Uingereza iliipiga marufuku miraa mwaka 2014. Kifungu kidogo ulichosahau kwenye begi kinaweza kufunga safari yako uwanja wa ndege.

Pesa, wakala na tapeli

Kuna simu itakayokuja. Mtu mwenye sauti ya upole atasema nafasi zimebaki tatu, meli inaondoka mwisho wa mwezi, tuma ada ya usajili jioni hii. Familia itauza ngamia. Kabla haijauza, jua sheria.

Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, unamhesabu kila anayefanya kazi melini kuwa baharia, hata mhudumu wa mezani. Unakataza wakala kukutoza ada ya kukupatia kazi. Gharama zinazoweza kuwa juu yako kwa upande wa ajira ni cheti cha afya kinachotakiwa na sheria, kitabu cha baharia na pasipoti. Viza ni juu ya mwenye meli. Ada ya mafunzo ya usalama ni jambo jingine, nayo hulipwa chuoni kwa risiti. Haitumwi kwa namba ya simu ya mtu.

Kwa hiyo uliza maswali manne, na upate majibu kwa maandishi. Wakala ana leseni ya KMA? Mwajiri kwenye mkataba ni nani, na meli ni ipi? Mshahara wa msingi ni kiasi gani bila bakshishi? Nauli ya kwenda na kurudi inalipwa na nani? Swali la tatu lina uzito wake. Katika meli ambazo bakshishi imo ndani ya nauli, huenda usiione bahasha ya mgeni kabisa. Mapato yako ni yale yaliyoandikwa. Kama umezoea loji ambako mgeni mmoja mkarimu hukulipia karo ya muhula, lijue hilo kabla ya kutia sahihi.

Maisha baada ya kupanda ngazi

Mikataba ya wahudumu huwa ya miezi sita hadi tisa, siku saba kwa wiki. Sheria inakupa mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika siku saba. Utalala chumba kidogo na mwenzako, mara nyingi chini ya mstari wa maji, bila dirisha. Wewe uliyezoea kulala ukisikia fisi, usiku wa kwanza utasikia injini.

Kama wewe ni Mwislamu, kaa na nafsi yako kabla ya usaili. Utabeba pombe na nguruwe kwenye sinia moja, na Ramadhani itakukuta ukiwa zamu. Wako wanaolikubali hilo, wako wanaochagua usafi wa vyumba, udobi au mapokezi, na wako wanaokataa. Uamuzi ufanyike nyumbani, na wazazi wakiwepo, si katikati ya Atlantiki.

Korona pia imewaachia wafanyakazi jambo jema. Marekebisho ya mkataba ule wa 2006, yaliyoanza kutumika tarehe 23 Desemba 2024, yamegusa mawasiliano ya intaneti kwa mabaharia, maji bora ya kunywa ya bure, vifaa vya kujikinga vya saizi ya mtu, na kushushwa haraka kwa mgonjwa anayehitaji matibabu. Yalitokana kwa sehemu kubwa na waliokwama majini 2020. Ukimpigia mama video kutoka bandari ya mbali, kuna waliolipia simu hiyo kwa miezi yao.

Kama utabaki

Si kila mtu apande meli. Mjini Isiolo wanawake wa ushirika wa Anolei wamejenga biashara ya maziwa ya ngamia yanayofika Nairobi, na hakuna aliyewaambia kwamba maisha yako ng'ambo. Ukibaki Shaba au Buffalo Springs, daftari la mfukoni bado ni lako, sinia iliyopangwa kichwani bado ni yako, na mzee anayehangaika na simu yake atakuja tu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kazi yetu, porini au majini, ni kumfanya mgeni wa siku ya kumi ajione wa siku ya kwanza. Jipime wiki hii na mgeni mmoja: mhudumie siku tatu bila kumwuliza jambo moja mara mbili. Ukishindwa, bado una cha kujifunza hapa hapa, na mshahara unaendelea. Ukiweza, fungua eCitizen uanze na pasipoti.